Kutoka shambani hadi barabara ya lami: namna magari ya kwanza ya 4x4 yalivyogeuka kuwa magari ya kila siku

Msomaji mmoja wa Mbeya ameuliza hivi: "Marehemu baba aliniachia Land Rover 109 ya mwaka 1974. Shambani hakuna gari linaloishinda, lakini nikiingia nayo lami kwenda mjini nafika mikono imechoka, masikio yanavuma na mafuta yamepungua vibaya. Jirani yangu ana Prado, nayo ni 4x4 vilevile, lakini anaiendesha bila taabu yoyote, tena kila siku. Kijana wangu anasema tofauti ni viti na redio tu. Naomba mtaalamu anieleze: magari haya yaliyoanza kama magari ya kazi yaligeukaje kuwa ya kwendea ofisini na kanisani? Ni kitu gani hasa kilichobadilika?"

Ndugu msomaji, viti na redio vilikuja mwishoni, tena vilikuja kwa sababu kazi ngumu zaidi ilikuwa imekwisha kufanyika chini ya gari. Kilichobadilika kwanza ni ekseli ya mbele: namna inavyopokea nguvu kutoka kwenye injini, namna inavyoachana na nguvu hiyo isipohitajika, na namna inavyoubeba uzito wa gari. Kwa zaidi ya miaka 60 mafundi wa Marekani, Uingereza na Japani walikuwa wakihangaika na swali moja, nalo ni jinsi ya kulipa gari uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne bila kumtesa dereva siku zile ambazo uwezo huo hauhitaji. Kila teso lilipoondolewa, wanunuzi wa aina mpya walijitokeza, na mara nyingi watu hao walikuwa wamekwisha kuligeuza gari la kazi kuwa gari la nyumbani kabla kiwanda hakijatambua.

Ili mengine yaeleweke, ni lazima kwanza nieleze mateso yenyewe. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika 109 yako, umbali kati ya ekseli mbili ni inchi 109, yaani karibu mita 2.77. Ukikata kona ya nyuzi 90 huku katikati ya ekseli ya nyuma ikifuata duara lenye nusu kipenyo cha mita 8, ekseli ya nyuma itakwenda mita 12.57, na ya mbele itakwenda mita 13.30. Hiyo ni tofauti ya sentimita 73 katika kona moja tu. Difu iliyo ndani ya kila ekseli hushughulikia tofauti ya gurudumu la kulia na la kushoto, lakini katika gari lako hakuna difu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukishaunganisha magurudumu manne, transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, huzifunga propela shafti zote mbili zizunguke kwa mwendo mmoja, utake usitake. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na tofauti ile hupotelea hapo bila madhara. Kwenye lami kavu tairi hukamata, hakuna kinachoteleza, na mkazo wote huingia kwenye shafti, kwenye meno ya gia na kwenye jointi. Usukani hugoma, tairi hulika, na ukiendelea hivyo ipo siku kitu kitakatika.

Teso la pili ni la jointi zenyewe. Gurudumu la mbele lina kazi mbili kwa wakati mmoja: linasukumwa na injini, na wakati huohuo linageuka kufuata usukani. Jointi ya krosi ya kawaida, ile iliyo kwenye propela shafti, ikipinda kwa pembe kubwa haipeleki mzunguko sawasawa. Huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko, na mtikisiko wake dereva huusikia mikononi. Bila kupata jawabu la tatizo hili, gari la 4x4 lisingeweza kutoka nje ya karakana.

Waliolishughulikia mapema na kufanikiwa kibiashara walikuwa mafundi wawili wa mji mdogo wa Clintonville, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Otto Zachow na William Besserdich. Zachow alipata hataza mwaka 1908 kwa jointi iliyofungiwa ndani ya kikombe cha chuma, ambayo iliwezesha magurudumu ya mbele kusukumwa na kugeuzwa kwa pamoja, na kutokana nayo ikazaliwa kampuni ya malori iliyokuja kujulikana kwa herufi FWD. Katika jimbo hilohilo, mjini Kenosha, kampuni ya Jeffery ilitoa mwaka 1913 lori lake liitwalo Quad, ambalo lilisukuma, kugeuza na kufunga breki kwa magurudumu yote manne. Vita Kuu ya Kwanza iliyatumia malori haya kwa maelfu kuvuta mizinga na kubeba risasi, na vita ilipokwisha mengi kati yake yaligawiwa kwa idara za barabara za majimbo ya Marekani, yakachonga barabara na kusukuma theluji. Hakuna aliyefikiria kwenda nayo matembezini. Tairi zake zilikuwa za mpira mgumu usio na upepo, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu mno.

Miaka ya 1930 kampuni ya Marmon-Herrington ya Indianapolis ilianza kuyachukua malori ya kawaida ya Ford na kuyafungia ekseli ya mbele yenye kusukuma. Wateja wake walikuwa majeshi, watafuta mafuta, watu wa misitu na watandaza nyaya za umeme. Kipindi hichohicho zilipatikana pia jointi bora zaidi, zinazopeleka mzunguko bila kuuvuruga hata gurudumu linapopinda: Tracta ya Wafaransa Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille, iliyotoka mwaka 1926, na ile ya mhandisi Alfred Rzeppa ya muda mfupi baadaye, ambayo ni mzazi wa jointi za CV zilizomo leo katika karibu kila gari dogo. Lakini kumgeuzia mtu lori la Ford kuwa la 4x4 kulikuwa ghali mno, na mtu binafsi hakuwa na sababu ya kuingia gharama hiyo.

Sababu ililetwa na Vita Kuu ya Pili. Jeep ya kwanza ya majaribio ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Bantam mwaka 1940, kisha Willys na Ford wakatengeneza zaidi ya magari 600,000 kwa mpango unaofanana. Injini ya Willys ilikuwa na lita 2.2 na nguvu farasi 60, na transfa yake ilikuwa na gia mbili, nzito na nyepesi. Watu wengi husifu uimara wa Jeep, na wana haki, lakini kwangu jambo kubwa zaidi ni idadi ya vijana waliojifunza kuendesha kwa gari hilo. Waliporudi makwao walikuwa wanajua tayari kijiti cha pili cha gia ni cha nini, na hawakuliona gari la 4x4 kuwa mtambo wa wataalamu.

Willys aliwauzia Jeep ya kiraia, CJ-2A, kuanzia mwaka 1945, na aliiuza kama chombo cha shamba. Ilikuwa na mahali pa kutolea nguvu kwa ajili ya kuendeshea msumeno, pampu au mashine ya kupura nafaka, na matangazo yake yaliionyesha ikivuta jembe. Kama trekta haikuwa chochote cha ajabu, kwa kuwa ni nyepesi na magurudumu yake ni madogo. Mkulima aliyekuwa na trekta hasa hakuiacha kwa ajili ya CJ-2A. Kile alichokigundua ni kwamba chombo hiki, tofauti na trekta, kinaweza kumaliza kazi ya asubuhi kisha jioni kikampeleka mjini kununua mbegu, na Jumapili kikaipeleka familia kanisani katika njia ambayo gari dogo lingenasa. Mkulima mwenye uwezo wa kununua gari moja tu alichagua gari litakalofanya yote mawili, hata kama lilifanya la pili kwa shida.

Shida yenyewe ilikuwa kubwa. Mfano mzuri ni Dodge Power Wagon ya mwaka 1946, lori la tani moja lililojengwa juu ya uzoefu wa malori ya jeshi. Ekseli zake ziliwekewa uwiano wa 5.83, yaani katika gia ya juu kabisa injini huzunguka karibu mara sita gurudumu linapozunguka mara moja. Kwa kung'oa visiki kwa winchi uwiano huo ni neema. Kwa safari ndefu maana yake ni kwamba kilomita 80 kwa saa ndio ukingo, na injini ya nguvu farasi 94 inapiga kelele muda wote. Dodge aliendelea kuliuza lori hilo Marekani hadi 1968 bila kulibadilisha sana, kwa sababu walionunua walikuwa mashirika na wazimamoto wa misitu ambao hawakudai lingine.

Hapa ndipo ninapoiona hatua ya kwanza ya kweli kuelekea gari la kila siku, nayo ilifanywa na kifaa kinachoshikika kwa mkono mmoja. Mwaka 1948 Arthur Warn wa Seattle alianza kuuza habu za kufunga na kufungua kwa ajili ya Jeep zilizobaki na vita. Kabla ya hapo, dereva aliyetenganisha magurudumu ya mbele kwa kutumia kijiti cha transfa alikuwa amekata nguvu ya injini tu. Magurudumu yenyewe, yakibingirika, yaliendelea kuzungusha shafti za ndani, difu ya mbele na propela shafti nzima bila faida yoyote. Huo ni uzito, kelele, mafuta na mlio wa chuma unaosagika bure. Habu ya Warn ilimwezesha mwenye gari kuteremka, kuzungusha kitasa katikati ya gurudumu, na kuliachia gurudumu lizunguke peke yake kana kwamba ekseli ya mbele haina kitu. Gari la 4x4 likawa, kwa muda wote anaotaka mwenyewe, gari la kawaida la kusukumwa na magurudumu ya nyuma.

Naomba hapa nitoke kidogo kwenye historia, maana jambo hili linahusu gari lako. Tazama katikati ya magurudumu yako ya mbele. Ukikuta kitasa cha kuzungusha, gari lina habu hizo, na wakati wa kiangazi, kwenye lami, ziwe zimefunguliwa. Ila zifunge na uende nazo kilomita chache angalau mara moja kwa mwezi ili oili isambae kwenye jointi za ndani. Ukikuta kifuniko kisicho na kitasa, huna. Iwe unazo au huna, kijiti chenye kichwa cha njano kisibonyezwe kwenye lami kavu. Wapo madereva wanaoamini kwamba kukibonyeza kunalifanya gari litulie barabarani, na hao ndio wanaoyafanya maduka ya vipuri yasikose wateja wa shafti za ekseli.

Nikirudi Marekani, miaka ya 1950 kampuni moja ya Minneapolis iliyojulikana kwa jina la NAPCO ilitengeneza kifurushi kamili cha kuigeuza pikapu ya Chevrolet au GMC kuwa 4x4. Kilikuwa na transfa, ekseli ya mbele iliyotumia difu ileile ya Chevrolet, propela shafti na springi, na kiliweza kufungwa bila kukatakata chesisi. GMC walianza kukiuza kama chaguo la kiwandani mwaka 1956 na Chevrolet mwaka 1957. Mwaka huohuo Dodge wakatoa pikapu yao ya 4x4, na Ford wakafuata mwaka 1959 wakijitengenezea wenyewe. Jambo la kuangalia hapa ni kichwa cha gari. Mpaka wakati huo aliyetaka 4x4 mara nyingi alilazimika kukubali bodi ya kijeshi, yenye upepo na vumbi ndani. Sasa alikalia kiti kilekile, akafunga mlango uleule na kuota joto la hita ileile aliyokuwa nayo jirani mwenye pikapu ya kawaida. Springi za mbele zilibaki kuwa zile ngumu za vyuma bapa vilivyopangwa, na usukani ulibaki mzito, lakini angalau dereva alifika akiwa mkavu.

Uingereza njia ilikuwa nyingine, na iliamuliwa na kodi kwa kiasi ambacho watu wengi hawakijui. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep kuukuu shambani kwake kisiwani Anglesey, na kutokana nayo akapata wazo la gari la shamba la Kiingereza. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ikiwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 50. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma cha bati kilikuwa kikigawiwa kwa mgao baada ya vita. Inafaa kukumbukwa kwamba magari yale ya mwanzo yalikuwa ya 4x4 ya kudumu: ekseli ya mbele haikuwa ikitenganishwa, bali iliwekewa kifaa kilichoiruhusu ikimbie mbele ya ile ya nyuma gari linapokata kona. Lilikuwa jibu la kijanja kwa tatizo la sentimita 73 nililolitaja, ingawa baada ya miaka michache kiwanda kiliachana nalo na kurudi kwenye kuunganisha na kutenganisha kwa kijiti, mfumo ambao gari lako nalo limeurithi.

Rover walitambua mapema kwamba mkulima angependa kupanda na familia. Mwishoni mwa mwaka 1948 walitoa Land Rover yenye bodi iliyofungwa, iliyoundwa na mafundi wa Tickford kwa fremu za mbao, viti vya ngozi na madirisha halisi. Kiufundi ilikuwa Land Rover ileile. Kisheria haikuwa ileile, kwa sababu gari la wazi la shamba lilihesabiwa kuwa gari la kazi na halikutozwa kodi ya manunuzi, ilhali hili la Tickford lilihesabiwa kuwa gari la starehe na likatozwa. Bei ikapaa, na hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1951 hazikufika 700. Uhitaji ulikuwepo, gari lilikuwepo, na katikati yake alisimama mtoza kodi. Rover walipata njia ya kumkwepa baadaye: katika miaka ya 1960, 109 ya stesheni wagoni ilitengenezwa kwa viti 12, na gari la abiria 12 kwa sheria ya wakati ule lilikuwa basi, na basi halikutozwa kodi hiyo. Mabenchi yale ya nyuma yanayotazamana, ambayo watu wengi wa Tanzania na Kenya wamesafiri juu yake magoti yakigongana, yanaielezea sheria ya kodi ya Uingereza vizuri kuliko yanavyoueleza ufundi wa magari.

Kwa Wamarekani hapakuwa na kikwazo cha namna hiyo, na ndiyo maana hatua ya kulisanifu gari la 4x4 tangu mwanzo kwa ajili ya familia ilichukuliwa huko. Willys walikuwa na stesheni wagoni ya bodi ya chuma tangu 1946, iliyochorwa na Brooks Stevens, na mwaka 1949 waliifungia magurudumu manne ya kusukuma. Ilipendwa, lakini bado ilikuwa Jeep iliyovikwa bodi. Jeep Wagoneer, iliyotoka mwishoni mwa 1962 kama modeli ya 1963, ilikuwa jambo lingine. Stevens alihusika tena katika kuichora, na safari hii mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa mtu anayeishi mjini au pembezoni mwa mji, mwenye watoto wa kupeleka shule na pengine kibanda cha mapumziko milimani. Iliweza kununuliwa ikiwa na giaboksi ya otomatiki pamoja na 4x4, muunganiko ambao haukuwahi kutolewa katika gari la aina hiyo. Iliwekewa pia chaguo la ekseli ya mbele ambayo kila gurudumu lake hupanda na kushuka peke yake. Wateja wachache walilichagua, likaondolewa baada ya miaka michache, na likasubiri muda mrefu kabla ya kurudi katika magari ya aina hii. Mwaka 1966 ikaja Super Wagoneer yenye injini ya V8, usukani wa pawa, breki za pawa na kiyoyozi. Ukitafuta baba wa magari ya kifahari ya 4x4, mimi nakuelekeza hapo kabla ya kukuelekeza kwingine kokote.

Miaka hiyohiyo walikuja wengine kwa haraka: Scout ya International mwaka 1961, ambayo kiwanda cha matrekta kiliiuza kwa bei ya mtu wa kawaida, Ford Bronco ya modeli ya 1966, iliyowekewa springi za koili mbele, na Chevrolet Blazer ya 1969, ambayo ilikuwa pikapu ya Chevrolet iliyofupishwa. Blazer haikuwa na ubunifu mkubwa, lakini kwa sababu ilitokana na pikapu ya kawaida, mnunuzi aliweza kuagiza kila starehe iliyokuwepo katika orodha ya pikapu hizo, kuanzia otomatiki hadi kiyoyozi, na ikamshinda Bronco sokoni.

Hata hivyo, dereva wa magari yote hayo bado alitakiwa kujua lini aunganishe na lini atenganishe. Ili gari liwe la kila mtu, uamuzi huo ulipaswa kuondolewa mikononi mwake, na njia ya kuuondoa ilikuwa kuweka difu ya tatu katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Range Rover, iliyozinduliwa Juni 1970 na timu ya mhandisi Spen King, ilifanya hivyo, lakini sababu yake ya kwanza haikuwa starehe. Injini yake ilikuwa V8 ya lita 3.5 iliyotokana na muundo wa Buick, na kama nguvu zote hizo zingepelekwa nyuma tu, ekseli ya nyuma ingelazimika kuwa nene na nzito. Kwa kuigawa nguvu kwenye ekseli mbili muda wote, kila moja ilibaki nyepesi, na ekseli nyepesi humpa mhandisi uhuru wa kutumia springi laini. Ndipo zikawekwa springi za koili ndefu kwa magurudumu yote, na breki za diski mbele na nyuma. Ndani, sakafu ilikuwa ya kuoshwa kwa maji ya bomba na viti vilikuwa vya plastiki. Milango minne ilikuja 1981 na otomatiki 1982. Hilo ndilo ningependa kijana wako alifahamu: katika miaka yake ya mwanzo gari lililoendeshwa kwa upole kuliko 4x4 nyingine zote lilikuwa na viti ambavyo mtu angeweza kuvikalia na matope yake.

Wamarekani nao walijaribu. Jeep walileta Quadra-Trac katika modeli za 1973, ikiwa na difu ya katikati yenye uwezo wa kujibana, na General Motors, Dodge na Ford wakaanza kufunga transfa ya kudumu iitwayo NP203 kwenye pikapu zao. Wazo lilikuwa sahihi ila wakati haukuwa sahihi. Oktoba 1973 mafuta yakapanda bei, na transfa hiyo nzito ya chuma cha kuyeyusha, iliyozungusha ekseli ya mbele usiku na mchana, ikageuka kuwa mzigo. Wenye magari walinunua vifaa vya kuibadilisha irudi kuwa ya kuunganisha na kutenganisha, wakafunga na habu za Warn juu yake. Kufikia 1980 viwanda vyenyewe vilikuwa vimerudi huko vikiwa na transfa nyepesi zaidi. Mara nyingi historia husimuliwa kana kwamba mambo yaliboreka mwaka hadi mwaka. Katika suala hili watu walilipa fedha zao kuirudisha teknolojia nyuma, tena walikuwa na hoja.

Sheria nayo ilisukuma, kwa njia ambayo watunga sheria hawakuikusudia. Sheria ya nishati ya Marekani ya mwaka 1975 iliweka viwango vya matumizi ya mafuta, na viwango vya malori mepesi vikawa vya chini kuliko vya magari madogo. Gari la 4x4 lilihesabiwa kuwa lori jepesi hata kama halijawahi kubeba gunia. Kuanzia hapo kiwanda kilichotaka kuendelea kuuza gari kubwa la familia kilikuwa na sababu nzuri ya kuliita lori.

Upande wa Japani ndio unaojibu swali lako kuhusu jirani, kwa hiyo nimeuacha mwisho. Toyota ilitengeneza gari lake la kwanza la aina hii, BJ, mwaka 1951, na jina la Land Cruiser likaja 1954. Toleo la 40, lililotoka 1960, lilikuwa chombo cha kazi kama 109 yako: springi bapa, bodi ya kuosha, usukani mzito. Mwaka 1967 ilitoka stesheni wagoni ya 55, kisha mwaka 1980 ya 60, na kila moja ilikuwa pana na tulivu zaidi, ingawa springi zilibaki zilezile za vyuma bapa. Toleo la 80 lililoonyeshwa mwishoni mwa 1989 ndilo lililovunja mwiko huo, kwa kuwekewa springi za koili mbele na nyuma na, katika nyingi kati yake, difu ya katikati na 4x4 ya kudumu. Hizo ndizo Watanzania walizoziita mashangingi, na ukiziangalia chini utaona kwamba zimefuata hesabu ileile iliyofanywa na Range Rover miaka 20 kabla yake.

Lakini Prado haikutoka huko. Mwaka 1984 Toyota walilistaafisha toleo la 40 na badala yake wakaleta la 70, ambalo liligawanywa mara mbili. Moja lilikuwa zito, la kazi, lenye springi bapa. La pili lilikuwa jepesi, lenye springi za koili na injini ndogo zilizotoka kwenye Hilux, na lilikusudiwa mtu anayeendesha lami siku nyingi kuliko porini. Hilo jepesi ndilo lililopewa jina la Prado mwaka 1990, na toleo lake la 1996 likaja na magurudumu ya mbele yanayopanda na kushuka kila moja peke yake, na nyingi kati yake zikiwa na difu ya katikati. Lile zito halikuachwa. Lilipewa springi za koili mbele mwaka 1999, lakini nyuma limebaki na za vyuma bapa hadi leo, na ndilo unaloliona likiwa gari la wagonjwa, la hifadhi za wanyama na la miradi ya vijijini, mara nyingi likiwa na pua ya kuvutia hewa iliyopandishwa hadi paani. Jirani yako na msimamizi wa mradi wanaendesha magari yaliyotokana na toleo moja la kampuni moja, moja likiwa limetengwa kwa ajili ya kazi na jingine kwa ajili ya kila siku. 109 yako ilitengenezwa wakati ambapo gari moja lilitakiwa kuyabeba yote mawili.